Amesoma Kilimo, Lakini Halimi



Yapo maneno yanayosemwa mara nyingi katika vijiji vyetu, hasa Jumapili baada ya ibada, watu wanapoketi chini ya mwembe kuamkiana: "Yule amesoma kilimo mpaka shahada ya pili, lakini halimi." Husemwa kwa kicheko, ila ndani yake mna lawama. Maana yake ni kwamba wazazi wametoa fedha za korosho miaka mingi, mtoto amekwenda chuo kikuu, amerudi na cheti, na jembe hajalishika. Wengine huongeza kwamba babu zetu walilima bila shahada yoyote, na watu walikula wakashiba.

Mimi nimefundisha watoto wa wakulima tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu, na baadhi yao wamefika mbali katika masomo. Ningependa tuyachunguze maneno haya kwa utulivu, maana yamebeba swali la haki. Swali lenyewe ni hili: mtu anayesomea shahada ya uzamili ya kilimo, elimu ile ni mali ya nani? Anadaiwa nini na wale waliomsomesha? Na sisi tunaomdai, tuna haki ya kumdai kitu gani?

Kwanza tujue shahada hiyo ni kitu gani, kwa sababu wengi tunaisema bila kuijua. Chukua Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo, baadaye kikawa kitivo chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Anayeendelea na uzamili husoma kwa kawaida miaka miwili. Mwaka wa kwanza yuko darasani; mwaka wa pili anafanya utafiti wake na kuandika tasnifu.

Utafiti huo huanza na swali dogo. Kwa mfano: kati ya mbegu nne za mahindi, ipi inavumilia jua la Februari? Mwanafunzi hagawi shamba lake mara nne tu na kupanda. Anakata vishamba vidogo vingi, kila mbegu anairudia mara tatu au nne, tena anapanga kwa kura ipi ikae wapi, ili mbegu moja isipendelewe na upande wenye rutuba. Kisha anahesabu, anapima, anaandika, siku hadi siku. Kazi hii huonekana ya kitoto kwa mtu anayepita njiani. Mtu mzima anainama kupima mahindi kwa rula!

Lakini tufikiri. Mkulima anapata jibu moja kwa mwaka, na jibu hilo limechanganyika. Mahindi yakikauka, ni mbegu, au ni mvua, au ni udongo umechoka, au ni mdudu? Mwaka unaofuata mvua si ile, na mbegu huenda si ile. Anaweza kulima miaka arobaini na asiweze kutenganisha sababu moja na nyingine. Si kwamba hana akili. Shamba lake moja halimpi nafasi ya kulinganisha. Mwenye shahada ya pili amefundishwa jambo hilo hasa: kutenganisha sababu, kutosema "najua" kabla ya kulinganisha, na kuandika matokeo hata yakimwaibisha. Babu zetu walilinganisha pia, wakachagua mbegu vizazi kwa vizazi, na ndiyo maana tuna mihogo na mtama unaofaa nchi yetu. Mwanafunzi wa leo anafanya kazi ile ile ya babu, kwa njia ya haraka zaidi na yenye daftari.

Sisi wa kusini tuna ushahidi wa faida ya kazi hiyo. Wazee wa Masasi, Newala na Nachingwea wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikaingiliana. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengine wakaiacha mikorosho yao mbali ikaingiwa na pori. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaonekana ugonjwa wa ubwiri unga. Unga mweupe ulifunika machipukizi na maua, maua yakakauka, korosho zisifunge. Mkulima aliyesimama chini ya mkorosho wake angewezaje kujua ni sababu ipi hasa iliyomnyang'anya mavuno?

Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara mjini, walifanya kazi ya kuchosha. Walihesabu machipukizi yenye ugonjwa. Walitazama ni majuma gani ugonjwa unapanda. Walipulizia unga wa salfa miti hii na kuiacha ile, kisha wakapima korosho za kila upande. Ikajulikana kwamba salfa huuzuia ugonjwa, ikipulizwa mapema maua yanapoanza kutoka, na kurudiwa kwa wakati wake. Ikajulikana pia kwamba maotea yanayochipua chini ya kivuli cha mti nje ya msimu huutunza ugonjwa mpaka mwaka mwingine, kwa hiyo kuyaondoa mapema kunaupunguza. Baadaye wakachagua miti inayozaa vizuri, na wakulima wakafundishwa kubebesha miche. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zao lilivuka tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 lilipita tani 300,000. Sisemi kwamba salfa peke yake ilifanya yote. Bei na soko vilisaidia, na jasho la mkulima halisahauliki. Lakini bila wale waliohesabu maua, jasho hilo lingeendelea kumwagika bure. Ada za watoto wengi wa kusini, na bati za nyumba nyingi tunazoziona, zimetoka katika maua yale yaliyohesabiwa.

Wala kazi haijaisha. Siku hizi kuna mnyauko wa mikorosho unaotokana na ukungu wa udongoni. Mti mzima hukauka, na salfa ya kupulizia juu haisaidii kitu, kwa sababu adui yuko kwenye mizizi. Ni lazima awepo mtu wa kukaa na swali hilo kwa miaka. Mtu huyo atakuwa mtoto wa nani, kama kila mmoja wetu anamkataza wake?

Basi nawajibu wale wanaosema babu zetu walilima bila shahada. Kweli walilima. Lakini mkorosho wenyewe ni mti wa kigeni ulioletwa na Wareno kutoka Brazili, na ugonjwa wake ulikuja wakati ambao babu hawakuuona. Hekima yao haikuwa na dawa ya kitu ambacho hakikuwapo.

Hata hivyo msomi asifurahi upesi, maana kusini kwetu huku huku tuna ushahidi wa pili, nao unamhusu yeye. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma wataalamu Tanganyika, wakaizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka ndegeni. Wakapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Huko Kongwa mvua haikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulipopigwa na jua ukawa mgumu kama sakafu, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Reli yetu nayo baadaye ikang'olewa.

Wale hawakuwa watu wajinga. Walikuwa wamesoma. Lakini Wagogo walioishi Kongwa walijua kwamba nchi yao ni ya ukame, na maarifa yao hayakupewa uzito katika kuamua. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Elimu ya kilimo isiyomsikiliza mkulima inaweza kuleta hasara ambayo jembe la mkono haliwezi kuileta hata likijaribu.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, ya korosho na ya karanga, tunaanza kuona jibu la swali letu. Elimu ya uzamili katika kilimo ina wenyewe wengi. Mwanafunzi ana sehemu yake, kwa sababu ndiye aliyekesha. Wazazi wana yao. Taifa lina lake, maana limejenga maabara na kulipa walimu. Na wakulima wana sehemu kubwa ambayo mara nyingi inasahauliwa. Wao ndio waliotoa mashamba ya majaribio, waliotaja majina ya udongo na ya magugu, waliojibu maswali ya karatasi nzima jua likiwa kichwani. Bila wao tasnifu ingekuwa karatasi tupu.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa kuwa pana jambo la haki ambalo halizungumzwi sana. Nimesema kwamba katika majaribio miti mingine hupewa dawa na mingine huachwa, ili kulinganisha. Ikiwa majaribio yako katika kituo cha serikali, hasara ya ile iliyoachwa ni ya kituo. Lakini majaribio mengine hufanywa katika shamba la mkulima. Mkulima amekubali mikorosho yake kumi isipuliziwe, ili wenzake wa wilaya nzima wajue ukweli. Msimu ukiisha, ile kumi imezaa kidogo. Nani anamlipa? Ada ya mtoto wake haitangoja tasnifu imalizike. Mimi naona si haki mtu mmoja abebe gharama ya maarifa ya wote, hasa kama hakuelezwa mapema kwamba hasara hiyo inaweza kutokea. Mwanafunzi anayechukua shamba la watu lazima aeleze kwa lugha nyepesi, apewe ruhusa kwa hiari, na afidie kilichopotea. Asipofanya hivyo, cheti chake kina korosho za mtu mwingine ndani yake.

Tena kuna suala la lugha. Mkulima amejibu maswali kwa Kiswahili, au kwa Kimakua, Kiyao au Kimwera. Tasnifu imeandikwa kwa Kiingereza, ikafungwa kwa jalada gumu, ikawekwa maktaba Morogoro. Mkulima hajui mpaka leo alichosaidia kugundua. Mgeni aliyekula chakula chetu akaondoka bila kuaga tungemwita nani? Deni hili si la fedha, na kulilipa si kugumu. Ni kurudi siku moja, kusimama mbele ya wale watu, na kusema: "Mlinipa hiki, nami nimeona hiki." Na kama majaribio yalishindwa, aseme pia. Mbegu ambayo imejaribiwa ikashindwa humwokoa mkulima na hasara ya kuijaribu mwenyewe.

Sasa niwageukie wazazi. Najua baadhi ya nyumba zimeulizana: je, tuuze mikorosho ili mtoto asome uzamili? Mikopo ya serikali huwasaidia zaidi wanaosomea shahada ya kwanza. Wa shahada ya pili mara nyingi hutegemea mwajiri wao, mradi wa utafiti, au jamaa. Kwa hiyo swali hili si la mchezo. Kwa maoni yangu, kuuza mavuno ni jambo moja na kuuza shina ni jambo jingine. Mavuno ya mwaka huu ni ya mzazi, anaweza kuyatoa kwa furaha. Shina litawalisha watoto wote kwa miaka mingi, na hao wengine hawajaulizwa. Dada aliyeachishwa kidato cha pili ili kaka yake apate shahada ya pili ametozwa kodi ambayo hakuikubali. Elimu ya mmoja isijengwe juu ya ufukara wa ndugu zake, hata kama elimu hiyo ni ya kilimo na hata kama tunatumaini atatusaidia wote.

Pia shahada ya pili inaweza kungoja. Kijana akimaliza ya kwanza, akafanya kazi miaka miwili au mitatu, akiwa bwana shamba au bibi shamba katika kata, atakuta maswali yanamngoja mlangoni. Akirudi chuoni atakwenda na swali lililotoka shambani, wala hatalazimika kulitafuta ndani ya vitabu. Na pengine wakati huo atakuwa na akiba yake, au mwajiri wa kumdhamini.

Nirudi kwenye neno letu, "halimi". Tuwe wakweli. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isimtenge mtoto na kazi za wazazi wake, na shamba la shule liwe mahali pa kujifunza. Lakini katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa adhabu. Aliyechelewa, akalime. Aliyepiga kelele, akalime. Mtoto aliyefanya vizuri ndiye aliyebaki darasani. Nyumbani nako tuliwaambia, "Soma sana, usije ukaishia kwenye jembe kama mimi." Mtoto akasikia, akasoma, akaliacha jembe kama tulivyomwagiza. Leo tunamcheka kwamba halimi! Lawama hiyo haina haki.

Wala si lazima kila aliyesoma kilimo ashike jembe. Daktari wa wajawazito si lazima awe amezaa. Yule anayekaa na darubini akitazama ukungu wa mizizi ya mikorosho anafanya kazi ya shamba, ingawa viatu vyake ni safi. Kumtoa pale na kumpa ekari mbili ni kupoteza alichojifunza. Tukubali pia kwamba wengine hawapati kazi ya utafiti, wanaishia benki au dukani kwa sababu wanahitaji kula. Hao tusiwahesabu kuwa wametupa elimu yao. Mtu aliyejifunza kulinganisha kabla ya kusema, na kukubali ukweli usiompendeza, anafaa katika kikao cha ukoo, katika ushirika wa mazao na katika halmashauri ya kijiji.

Kwa hiyo tunaweza kumdai nini? Naona mambo matatu. Tumdai ukweli: asitupe hesabu za kupendeza ili apate cheti au ili muuza dawa afurahi. Tumdai kusikiliza: asije kufundisha kabla ya kuuliza. Tumdai marejesho: alichojifunza kwetu kirudi kwetu kwa lugha tunayoielewa. Hatuna haki ya kumdai mshahara wake wote, wala kumdai ajenge nyumba ya kila mjomba, wala kumdai alime mbele ya macho yetu ili turidhike. Na tukimdai asikilize, nasi tuwe tayari kumsikiliza. Binti wa kijiji akirudi na kusema tupogoe maotea mapema, tusimjibu, "Mtoto wa juzi huyu ataniambia nini, mimi niliyepanda mikorosho hii?" Mkorosho hauangalii umri wa anayejua.

Mfano wa talanta tunaujua wote, na kwa kawaida tunamhubiria yule mtumishi aliyeifukia yake. Lakini talanta hufukiwa kwa njia nyingi. Tasnifu inaweza kuifukia katika kabati. Na sisi tunaweza kuifukia kwa dharau yetu, mwenye talanta akasimama mbele yetu hana wa kumpa.

Nina pendekezo moja dogo kwa halmashauri ya mtaa. Kila mwaka tunayo Sikukuu ya Mavuno, na watu huleta korosho, mihogo, kunde na kuku mbele ya altare. Siku hiyo, baada ya ibada, vijana wetu wanaosoma kilimo katika ngazi yoyote wapewe nafasi ya robo saa kila mmoja. Waeleze wanachunguza nini na wameona nini. Wazee wawaulize maswali, hata ya kuwasumbua. Na kama yupo mkulima aliyetoa shamba lake kwa majaribio, aitwe mbele na atajwe kuwa mwalimu wa msomi huyo, kwa maana ndivyo alivyo.

Tukifanya hivyo miaka michache, nadhani maneno yale chini ya mwembe yatabadilika yenyewe. Badala ya kuuliza kama analima, tutamuuliza: "Mwaka huu umegundua nini, na umekuja kutuambia?"

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu